Kutoa pistoni na konrodi bila kuiumiza injini

Swali: Shikamoo fundi. Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne. Linakula oili, linatoa moshi wa bluu, na nimeambiwa ringi za pistoni zimekwisha. Nina spana, soketi na muda wa kutosha. Nataka niifungue injini mwenyewe, nitoe pistoni na konrodi zake, halafu nipeleke kwa wachongaji kinachohitaji kuchongwa. Nianzie wapi, na ni wapi hasa watu huharibu?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kushika spana, kwa sababu uharibifu mwingi wa kazi hii hutokea wakati wa kufungua. Konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, mhimili mkuu unaozunguka, na kepu ni kifuniko kinachoifunga hapo. Kepu mbili za konrodi zikibadilishana mahali, injini itafungwa, itawaka na itaonekana nzima, halafu beringi zitaungua baada ya muda mfupi na mwenyewe asijue kwa nini. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye sehemu ambazo kosa lake halionekani siku ile ile.

Kwanza tuhakikishe kwamba pistoni ndizo zenye kesi. Moshi wa bluu unakwambia oili inaungua, haukwambii imeingilia wapi. Moshi ukitoka kwa wingi gari likiwashwa baada ya kulala, kisha ukakata, shuku sili za valvu. Ukitoka pale unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu bila kugusa pedali, sili na gaidi za valvu (mirija ambayo valvu hupita ndani yake) bado zina neno. Moshi unaoendelea wakati injini inavuta mzigo ndio unaoelekeza kwenye ringi na silinda. Angalia pia ile valvu ndogo inayorudisha hewa ya ndani ya injini kwenye manifoldi. Ikikwama ikiwa wazi, inavuta oili moja kwa moja, na kuibadilisha ni kazi ndogo sana ukilinganisha na hii unayotaka kuianza.

Kisha pima kompresheni. Injini iwe imepata moto, plagi zote zitoke, moto wa plagi na mafuta vikatwe, na mtu akanyage pedali hadi mwisho wakati unapiga stata. Andika namba ya kila silinda. Baada ya hapo mimina oili kidogo, kama kijiko cha chai, kwenye silinda moja moja, na upime tena. Namba ikipanda sana, hewa ilikuwa inapita kwenye ringi. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini. Lakini kompresheni nzuri haiziachii ringi huru kabisa. Inayobana hewa ni ringi mbili za juu. Ile ya tatu, ya kukwangua oili, inaweza kuwa imeganda kwa kaboni, oili ikapanda juu huku geji inaonyesha namba za kupendeza. Ukikuta kompresheni sawa, sili za valvu nzima, na oili bado inapungua, hapo kufungua kuna sababu.

Unaweza kuuliza kama ni lazima injini ishuke kwenye gari. Kwa magari mengine si lazima: unanyanyua hedi, unafungua sampo (bakuli la oili) kwa chini, na pistoni zinatoka kwa juu zikiwa hapo hapo. Kwa mengine, chuma cha mbele kinachobeba injini kinazuia sampo isitoke. Hata pale inapowezekana, ushauri wangu ni ushushe. Kufungua kepu umelala chali, oili inakudondokea machoni na mchanga unadondoka kutoka kwenye bodi, ni njia ya kuingiza uchafu kwenye beringi. Tafuta winchi ya injini na stendi inayozunguka, na boliti za kuishikia kwenye stendi ziwe nene na ndefu kiasi cha kutosha, maana uzito wote unazitegemea hizo nne. Mtu yeyote asipite chini ya injini iliyoning'inia, hata kuokota soketi.

Maandalizi nitayapitia haraka. Shusha presha ya mafuta kabla ya kufungua paipu yoyote: chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka ijizime, ndipo utoe waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Kompresa ya AC usiifungue mabomba yake. Ifungue boliti zake tu, uifunge pembeni na waya, gesi ibaki ndani. Piga picha kila hatua kabla ya kuondoa kitu, na boliti za kila kifaa ziingie kwenye mfuko wake wenye jina. Oili unayoimwaga iangalie kwenye mwanga. Ikiwa na vumbi linalometa, pasua na filta uone karatasi yake, kwa sababu hapo beringi zimeshaanza kusema, na kranki italazimika kupimwa pia.

Kabla ya kugusa taiming (beleti au cheni inayolinganisha mwendo wa kranki na valvu), zungusha kranki kwa mkono, kwa upande ule ule inaozungukia ikiwaka, mpaka pistoni ya silinda namba moja iwe juu kabisa na alama zote za taiming zikutane. Piga picha alama hizo kwa karibu. Ukishaondoa beleti au cheni, usiizungushe tena kranki hedi ikiwa bado imefungwa. Kwenye injini nyingi za leo valvu na pistoni hutumia nafasi ile ile kwa zamu, na ukizungusha holela pistoni inapiga valvu na kuipinda. Utakuwa umeongeza gharama bila hata kusikia mlio.

Hedi ifunguliwe injini ikiwa baridi kabisa, hasa ikiwa ya aluminiamu. Boliti zake hulegezwa kuanzia za nje kuja za katikati, kinyume cha mpangilio wa kukaza, na kwa awamu: robo mzunguko zote, tena robo zote, mpaka nguvu iishe. Ukitoa moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, hedi inajipinda. Kitabu cha gari kikisema boliti hizo ni za kukazwa kwa digrii, ujue zimetengenezwa zivutike zinapokazwa, na nyingi hazirudishwi mara ya pili. Weka bajeti ya mpya. Hedi ikigoma kunyanyuka, hakikisha kwanza hakuna boliti iliyojificha. Usichomeke bisibisi kati ya hedi na bloku, ule mwili wa injini wenye silinda. Mkwaruzo mmoja kwenye uso ule ni njia ya maji au gesi kupita. Tafuta nundu za pembeni zilizowekwa kwa kazi hiyo, au shika sehemu ya manifoldi uitikise. Ikishatoka, iweke juu ya mbao mbili, valvu zisigusane na meza.

Sasa uko kwenye kazi yenyewe. Shusha pistoni moja hadi chini, futa ukuta wa silinda kwa kitambaa, kisha pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu, taratibu. Milimita chache kabla ya mdomo wa silinda unaweza kuhisi ukucha umekwama kwenye kijiukingo. Hapo ndipo ringi ya juu huishia kila inapopanda. Chini ya mstari huo chuma kimelika, juu yake hakijaguswa, na kaboni imejazana hapo miaka yote. Wakati mwingine ni kaboni tupu, na inatoka kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia na kikwangulio cha plastiki. Wakati mwingine ni ukingo wa chuma kabisa, na huo hutolewa kwa kifaa maalumu chenye meno kinachozungushwa ndani ya mdomo wa silinda, kikikata kidogo kidogo bila kuingia chini ya mstari wa ringi. Jaza kitambaa juu ya pistoni kwanza ili vipande visishuke pembeni, na vifyonze au uvifute vyote kabla ya kuendelea. Ukiipuuza hatua hii, ringi ya juu itagonga ukingo wakati pistoni inatoka, na kinachovunjika mara nyingi ni ule ukuta mwembamba wa aluminiamu kati ya ringi na ringi. Pistoni hiyo hairudi tena kazini.

Wakati uko hapo, tazama michirizi ya msalaba iliyochorwa kiwandani kwenye ukuta wa silinda. Ikiwa bado inaonekana kote na ukucha haukwami popote, huenda bloku haihitaji kuchongwa, na hiyo ni habari njema kwa mfuko wako.

Geuza injini kwenye stendi, toa sampo. Siku hizi nyingi zimegandishwa kwa silikoni. Pitisha kisu chembamba kuzunguka ukingo, usipige patasi. Toa chujio la pampu ya oili na uchungulie ndani yake. Vipande vya plastiki ni vya gaidi za cheni (reli zinazoiongoza cheni ya taiming), nyuzi za silikoni ni za mtu aliyefunga sampo hiyo kabla yako akapaka nyingi mno, na chujio likiziba ndilo linaloweza kuwa chanzo cha beringi zilizokauka. Baadhi ya injini zina bati la kuzuia oili isirushwe na kranki, nalo litoke.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, weka alama. Konrodi na kepu yake huchongwa tundu zikiwa zimefungwa pamoja, kwa hiyo kila kepu ni ya konrodi moja, na inakaa upande mmoja tu. Ukiigeuza au ukaipeleka kwa jirani, tundu halitakuwa duara tena. Tazama kama kuna namba zilizogongwa pembeni, nusu kwenye konrodi na nusu kwenye kepu. Zikiwepo, ziandike, lakini usizichukulie kuwa ni namba za silinda. Kwenye baadhi ya injini ni alama za kipimo cha beringi. Zisipokuwepo, tumia kalamu ya rangi isiyofutika na oili, uandike namba ya silinda kwenye konrodi na kwenye kepu, upande ule ule. Sipendi kugonga namba kwa patasi, na kwa konrodi zile ambazo kepu imetenganishwa kwa kuvunjwa kiwandani nakukataza kabisa. Hizo utazitambua kwa uso wa maungio yake, wenye chembechembe zisizo sawa kama jiwe lililopasuka. Nyuso hizo mbili zinakubaliana zenyewe tu. Usizisugue, usiziweke chini kifudifudi, na usifunge kepu vibaya hata kwa majaribio.

Angalia pia juu ya pistoni. Kutakuwa na mshale, nukta au mkato mdogo unaoelekea upande wa mbele wa injini, kwa kawaida upande wa taiming. Upande huo haukuchaguliwa kwa bahati. Kwenye injini nyingi pini haikai katikati kabisa ya pistoni. Imesogezwa kidogo upande mmoja ili pistoni isigonge ukuta inapobadili mwelekeo. Ukiirudisha kinyume, itagonga. Na ikiwa siku moja utafungua injini ya V, kumbuka konrodi mbili hushiriki shingo moja ya kranki (sehemu ya duara inayoshikwa na konrodi), na upande wenye ukingo uliokatwa mshazari hutazama kona ya shingo. Andika kila kitu.

Jambo moja zaidi kabla ya kulegeza: sukuma konrodi kwa pembeni na upime mwanya wake kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), ulinganishe na kitabu. Ni nafasi yako ya kupima ikiwa imefungwa kama ilivyokuwa ikifanya kazi.

Kwenye injini ya silinda nne za mstari, pistoni ya 1 na ya 4 hushuka pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja. Anza na ya 1 ikiwa chini kabisa. Legeza nati au boliti mbili za kepu kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Kepu ikishikilia, gonga mbavu zake kwa nyundo ya plastiki, kushoto kisha kulia, utaiona ikianza kutikisika. Itoe ikiwa na beringi yake ndani. Kama konrodi ina boliti zilizobaki zimechomoza, zivalishe vipande vya mpira vya paipu ya mafuta. Ncha ya boliti ikiburuzwa kwenye shingo ya kranki inaacha mchoro, na shingo ile ni laini kuliko watu wanavyodhani. Kama boliti zimetoka zote na kepu, bado funika shingo kwa kitambaa safi, kwa sababu kona za konrodi nazo hukwaruza.

Sasa chukua mpini wa nyundo wa mbao. Uweke kwenye bega la konrodi, si juu ya ukingo wa beringi, na usukume kuelekea juu huku mkono wa pili ukisubiri kwenye mdomo wa silinda. Mwanzo utahisi ukinzani wa ringi, ulio sawa mwendo wote. Kisha ringi ya kwanza itatoka na kufunguka kwa mlio mdogo, ya pili itafuata, na baada ya ile ya oili pistoni inalegea yote mkononi kwa ghafla. Hapo ndipo huanguka zile zisizo na mtu wa kuzipokea. Konrodi ielekee katikati mpaka imalize kutoka, isipige kuta za silinda njiani.

Ikisimama katikati ya safari, nawe simama. Pistoni ambayo haitoki imezuiwa na kitu: ukingo haujatolewa wote, konrodi imekaa mshazari na kona yake imeshika chini ya silinda, au, kwenye injini nyingi za dizeli zenye tabo (turbo), imegusa kale kabomba kanakorushia oili chini ya pistoni. Kabomba hako kakipinda kidogo tu, oili haifiki inapotakiwa, na pistoni itaungua. Irudishe chini, tazama kwa tochi, ondoa kizuizi, kisha usukume tena. Nyundo nzito haina kazi hapa.

Pistoni ikishatoka, rudisha kepu yake kwenye konrodi yake hapo hapo, beringi zikiwa mahali pake, na ukaze kwa vidole. Usiiweke mezani kusubiri nyingine. Iweke kwenye sanduku lenye vyumba vyenye namba, kisha zungusha kranki taratibu uende inayofuata, ukihakikisha hakuna konrodi iliyolegezwa inayobebwa na mzunguko.

Zikitoka zote nne, usikimbilie kuosha. Uchafu una ushahidi. Tazama ringi ya oili: je, inacheza kwenye mfereji wake, au imeganda? Yale matundu madogo nyuma yake, yanayorudisha oili chini, yako wazi au yamezibwa na lami nyeusi? Kwa gari linalokula oili huku kompresheni iko sawa, hapa ndipo jibu hupatikana mara nyingi. Kisha mbavu za pistoni. Michubuko ya wima pande zote inaeleza joto kali au ukosefu wa oili. Mchakao unaokwenda mshazari, juu upande mmoja na chini upande wa pili, unamaanisha konrodi imepinda, na ringi mpya hazitatibu hilo. Halafu beringi: rangi ya kijivu iliyo sawa ni nzuri, mistari ni uchafu uliopita na oili, na ukiona rangi ya shaba imejitokeza, tabaka la juu limekwisha.

Ringi ukitaka kujua zimebaki kiasi gani, toa moja, iingize ndani ya silinda yake, isawazishe kwa kuisukuma kwa pistoni iliyogeuzwa, halafu pima pengo la ncha zake kwa filageji. Kwa silinda ya kipenyo cha milimita 80, pengo la ringi mpya ya juu huwa karibu milimita 0.3, kitabu cha injini yako kitatoa kikomo chake. Pima mahali palipolika karibu na juu, kisha upime chini kabisa ambako ringi haifiki. Tofauti ya vipimo hivyo viwili inakupa picha ya silinda ilivyopanuka juu, ingawa kipimo cha mwisho ni cha geji ya silinda na mikromita.

Pini za pistoni ziache kama zilivyo. Zile zenye vijipete vya chuma mwishoni unaweza kuzitoa mwenyewe ukivaa miwani, na vijipete vipya vinunuliwe. Zile zilizobanwa ndani ya konrodi ni kazi ya mashine. Ukizipiga nyundo unapinda konrodi na kupasua pistoni.

Katika kusafisha, nakuomba sana usitumie msasa wala zile pedi za kuzungushwa na drili kwenye nyuso za bloku. Chembe zake ni ngumu kuliko beringi, zinajificha kwenye njia za oili, na injini ikiwaka zinakula kila kitu. Tumia kikwangulio cha plastiki, dawa ya kulainisha gasketi na uvumilivu. Kuta za silinda zifute na uzipake oili siku hiyo hiyo, kwa sababu chuma kitupu hushika kutu kwa usiku mmoja wa unyevu. Shingo za kranki zipake oili na uzifunge kwa plastiki.

Kwa mchongaji peleka bloku, pistoni na konrodi vyote pamoja, kila kimoja na namba yake, na kranki ikiwa shingo zina michoro. Mwombe apime kwanza kabla hujanunua chochote. Silinda zikiwa ndani ya kikomo, utahitaji ringi, beringi na kusuguliwa kidogo tu ili michirizi irudi. Zikiwa zimelika, atakwambia saizi, mara nyingi ni milimita 0.25 au 0.50 juu ya ile ya kiwandani. Ndipo ununue pistoni za saizi hiyo na umpelekee mkononi, ili achonge kila silinda kwa kufuata pistoni yake mwenyewe. Na kabla hujaondoka, mwambie aangalie kama konrodi zimenyooka na kama tundu zake za chini bado ni duara, maana hayo wengi hawapimi wasipoombwa.